Kupaka upya fremu za dhahabu za milango ya vioo ya kabati

Kabla hujampigia simu fundi wa alumini aje kupima milango mipya ya kabati, tafuta sumaku. Ile ndogo ya kubandika kwenye friji inatosha. Iguse kwenye fremu ya mlango wako, ile fremu ya dhahabu dhahabu inayozunguka kioo, uone kama inanasa. Jibu la sumaku hiyo ndilo litakaloamua ununue praima gani (ile rangi ya chini inayoshikisha rangi ya juu), usugue kiasi gani, na kama kazi itakwisha mwishoni mwa wiki moja au itakula na mwisho wa wiki ya pili.

Nazungumzia yale makabati ya ukutani yenye milango miwili au mitatu ya kioo kizima cha kujitazamia, inayosukumwa pembeni juu ya reli. Hapa Dar es Salaam yako kwenye fleti za Upanga, yako kwenye nyumba za Mikocheni na Mbezi Beach zilizojengwa wakati dhahabu ilikuwa ndiyo fasheni. Mara nyingi kioo chenyewe bado kizima na magurudumu bado yanazunguka. Kinachochosha macho ni ule ukingo wa njano uliopauka, wenye madoa, usioendana tena na madirisha meusi au ya kahawia uliyoweka juzi. Kutupa kioo cha mita mbili kwa sababu ya ukingo wa sentimita nne ni hasara nisiyoweza kuikubali.

Milango ya kwanza niliyoipaka ilikuwa ya chumba cha mama. Nilinunua kopo la rangi ya mafuta, nikafuta vumbi, nikapaka siku hiyohiyo. Ilipendeza kwa wiki tatu. Kisha mama akaniita chumbani, akaweka ukucha kwenye kona ya mlango na kuvuta. Utepe wa rangi ukatoka mzima, mrefu kama kiganja. "Mwanangu," akasema, "hii haijashika." Nikaikwangua yote na kuanza upya. Nilichojifunza kwenye marudio yale ndicho ninachokuandikia hapa, na ndiyo maana utaona rangi yenyewe inakuja mwishoni kabisa.

Ijue fremu yako kwanza

Sumaku ikinasa, fremu ni ya chuma kilichovishwa tabaka jembamba la shaba ya njano na kupakwa vanishi juu yake. Karibu na bahari tabaka hilo halidumu. Hewa ya chumvi hupenya kwenye mikwaruzo, chuma cha ndani kinashika kutu, na kutu hiyo inafumuka kama vidonda vya kahawia, hasa ukingo wa chini ambako maji ya kudekia hurukia kila asubuhi.

Isiponasa, yaelekea ni alumini iliyotiwa dhahabu kiwandani. Dhahabu hiyo si rangi iliyopakwa juu. Alumini huzamishwa kwenye tindikali huku umeme ukipita, ikajijengea ganda gumu lenye vitundu vidogo mno; vitundu vinanyweshwa rangi, kisha vinazibwa. Ganda hilo ni gumu kuliko alumini yenyewe na linateleza kama kigae. Ndiyo maana halishiki kutu, na ndiyo maana rangi ya kawaida ikiwekwa juu yake haina pa kushika.

Kuna aina ya tatu, na hii huwadanganya wengi: plastiki au ubao uliovalishwa utando wa dhahabu. Kwangua kidogo kwa wembe nyuma ya mlango, chini kabisa. Ukiona kinachunika kitu kama nailoni, utando huo wote utoke kabla hujafanya lolote, maana usipoutoa utabanduka baadaye na kuondoka na rangi yako.

Subiri majira yake

Dar es Salaam adui mkubwa wa kazi hii ni unyevu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, usianze, hata ukiona jua limetoka siku mbili mfululizo. Rangi ya sprei hukauka kwa sababu viyeyushi vilivyomo vinaruka haraka, na vikiruka vinaupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatua pale juu kama yanavyotua kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Unabaki na ukungu mweupe ulionasa ndani ya rangi. Nyeusi yako inakuwa ya kijivu, yenye mabaka. Rangi ya mafuta nayo itabaki inanata hadi kesho yake, ikikusanya kila unyoya wa kuku na kila chembe ya vumbi inayopita.

Juni hadi Septemba ndiyo miezi ninayoipenda mimi. Hewa ni kavu zaidi na joto limepungua. Januari na Februari pia panawezekana, mradi ufanye kivulini, kwa sababu chuma kilichochomwa na jua huikausha rangi kabla haijatandaa, ikabaki na chenga kama msasa.

Saa nazo zina maana. Anza saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na umalize kupuliza kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo upepo wa baharini unashika kasi. Kama unaishi Kigamboni au Msasani unaujua vizuri: unapeperusha sprei yako hadi kwenye gari la jirani, na vumbi la uani unalileta kwenye rangi mbichi.

Dukani

Nilipokwenda mara ya pili Kariakoo kutafuta rangi, muuza duka aliniuliza swali ambalo mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza: "Dada, unapaka chuma au alumini?" Duka ambalo wanakuuliza hivyo, baki hapo.

Kwa chuma, redi oksaidi ya kawaida inafaa, au praima yoyote ya kuzuia kutu. Kwa alumini, redi oksaidi haikusaidii. Imetengenezwa kwa ajili ya chuma, na kwenye alumini haishiki sawasawa. Unachotaka ni praima yenye tindikali kidogo ndani yake, ile inayoung'ata uso wa alumini na kujishikiza. Usipoipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nenda kwenye maduka ya rangi za magari, kwani wapiga rangi wa magari wanaitumia siku zote. Ipo ya kopo la sprei na ipo ya kuchanganya.

Praima na rangi zichukue za kampuni moja, na za aina moja. Usichanganye rangi ya mafuta chini na rangi ya magari yenye thina kali juu. Thina ile inaifumua rangi ya chini, na yote inakunjamana kama utandu wa maziwa ya moto. Ikishakunjamana haina dawa isipokuwa kukwangua.

Kuhusu kiasi, tupige hesabu. Mlango wa urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 90 una mzunguko wa mita 6.6. Fremu ikiwa na upana wa sentimita 5, eneo la kupaka ni kama theluthi moja ya mita ya mraba. Ni dogo sana. Lakini ukipuliza sprei kwenye ukingo mwembamba hivyo, sehemu kubwa ya rangi inapita pembeni na kuishia kwenye magazeti. Kwa milango miwili mimi hununua makopo mawili ya rangi ya mililita 400 na moja la praima, na huongeza kopo la tatu la rangi nikiwa palepale dukani, kwa sababu ukirudi wiki ijayo unaweza kukuta nyeusi ya kopo jipya haifanani na ile ya kwanza. Ukipaka kwa brashi, kopo la nusu lita linatosha na kubaki.

Vingine ni vya kawaida: msasa namba 120, 240 na 400, tepu ya karatasi ya upana wa inchi moja, magazeti ya zamani au nailoni, spiriti, vitambaa vya pamba visivyotoa manyoya, sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, bisibisi, kisu cha wembe, glovu na barakoa. Kwenye tepu usibane matumizi. Tepu duni inabaki na gundi kwenye kioo na inaruhusu rangi kupenya chini yake.

Rangi gani? Tazama madirisha yako. Chumba chenye madirisha ya kahawia kinapendeza na fremu ya kahawia. Nyeusi inakwenda na karibu kila kitu, ila nyeusi isiyong'aa kabisa inaonyesha vumbi na alama za vidole, na Dar vumbi halina likizo. Mimi huchukua nyeusi ya mng'ao wa kati. Nyeupe naipenda kwenye chumba kidogo chenye giza, ingawa ukingo wa chini utaufuta kila siku.

Kushusha milango, au kuiacha ilipo

Kama una uwanja au kibaraza chenye kivuli, ishushe na utumie sprei. Kama uko ghorofa ya tatu na kibaraza ni cha kuanikia nguo tu, iache ilipo, upake kwa brashi laini na rola ndogo ya sponji. Usipulize sprei ndani ya chumba cha kulala. Mvuke wake unashika moto na unaumiza mapafu, na chembe za rangi zitatua kwenye nguo, godoro na pazia hata ukifunika vipi. Hata ukiwa nje, kaa mbali na jiko la mkaa au la gesi.

Kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita ya mraba, hivyo mlango wa vipimo nilivyotaja unapita kilo 20 hata kabla ya fremu. Hii ni kazi ya watu wawili, wote wamevaa viatu vya kufunika vidole. Watoto wawe nje ya chumba.

Anza na mlango wa mbele. Chini, pembeni mwa fremu, tafuta skrubu ya kurekebishia gurudumu. Izungushe hadi mlango ushuke kidogo. Kwenye baadhi ya milango kuna kipande cha plastiki au bati kinachozuia gurudumu lisiruke reli, kisogeze. Kisha mnyanyue mlango wima kuelekea juu, uingie ndani zaidi kwenye reli ya juu, na mvute sehemu ya chini kuja kwenu. Ukishatoka, mbebe ukiwa wima siku zote. Kioo kikubwa kikibebwa kwa ubapa kinajipinda kwa uzito wake chenyewe na kinaweza kupasuka katikati. Muuegemeze ukutani juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwa mlalo wa kutosha usirudi mbele, na mwekee kitu chini usiteleze.

Andika kwa kalamu nyuma ya kila mlango: kushoto, kulia, mbele, nyuma. Inaonekana kama jambo dogo hadi jioni ya siku ya pili.

Kinga kioo kabla ya kitu chochote

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu mlango mzima kwa ajili ya kupamba ukingo wake.

Kioo cha kujitazamia ni kioo cha kawaida kilichopakwa fedha upande wa nyuma, na juu ya fedha hiyo kuna kinga ya rangi. Kwa mbele hakuna kinachoifikia fedha hiyo kirahisi. Adui yake huingia kwa pembeni, pale kioo kinapozama ndani ya fremu. Maji, spiriti, thina au dawa ya kusafishia yenye amonia ikitiririka hadi pale na kukaa, inapenya nyuma na kuila fedha. Baada ya miezi unaona ukingo mweusi unaotambaa kuelekea katikati, kama doa la wino kwenye karatasi. Hautoki. Kwa hiyo kuanzia sasa hadi mwisho wa kazi, usimwage wala kupulizia kimiminika chochote moja kwa moja kwenye mlango. Lowesha kitambaa, kikamue, ndipo ufute.

Futa kwanza ukingo wa kioo, upana wa vidole vinne kuzunguka fremu yote, ukauke. Bandika tepu ya karatasi kwenye kioo, ikigusa fremu kabisa. Nenda vipande vifupi vya sentimita 30 au 40 badala ya kuvuta utepe mmoja mrefu. Kipande kifupi unakiongoza, kirefu kinakuongoza wewe. Tumia kadi ya zamani ya benki kuisukuma tepu hadi ndani ya kona kati ya kioo na fremu. Kama kuna mpira mwembamba unaozunguka kioo, ingiza kadi chini ya mdomo wa mpira, uunyanyue, na upitishe tepu chini yake hadi kwenye kioo. Mpira wenyewe nao ufunike. Ukiupaka rangi, utapasuka rangi hiyo kila mlango unapotikisika.

Tepu hii ya kwanza ni ya kulinda kioo kisichubuliwe na msasa, kwani msasa unachora kioo, na mchoro ule hautoki kwa kitambaa. Itachakaa wakati wa kusugua. Utaitoa na kubandika nyingine mpya kabla ya praima. Najua inachosha kufanya mara mbili. Fanya mara mbili.

Kusafisha na kusugua

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukitenga saa nane kwa mradi mzima, tano ziwe hapa.

Anza na sabuni ya vyombo kwenye kitambaa kilichokamuliwa, futa fremu yote, kisha upite na kitambaa cha maji matupu, nacho kimekamuliwa. Ikikauka, rudia kwa kitambaa cha spiriti. Usidhani spiriti peke yake inatosha. Mafuta ya nywele, mafuta ya mwili na dawa za kung'arishia fanicha hujikusanya kwenye fremu pale mikono inaposhika, na baadhi ya dawa hizo zina silikoni. Rangi ikikutana na silikoni inakimbia, inaacha vishimo vya duara vinavyoonyesha fremu chini yake. Kwenye mshikio na usawa wa mkono pita mara tatu, kila mara na sehemu safi ya kitambaa.

Sasa msasa. Kwa alumini, anza na namba 240, ukisugua kufuata urefu wa fremu, usisugue kwa kukatisha. Si lazima uitoe dhahabu yote. Utasugua mpaka Krismasi. Unachotaka kuua ni mng'ao. Fremu ikiwa tayari inaonekana kama imepakwa poda, haina mahali panapoakisi taa. Washa tochi ya simu, uiweke pembeni karibu na fremu, mwanga utambae juu yake. Popote panapong'aa, hujafika. Mifereji midogo na kona ambako msasa haukunjiki, tumia sponji ya kijani ya vyombo. Usitumie stiliwaya kwenye alumini. Inakatika vinyuzi vya chuma visivyoonekana, vinabaki kwenye mikwaruzo, na hewa yetu ya chumvi itavigeuza vidoa vya kutu chini ya rangi yako mpya.

Kwa chuma chenye kutu, anza na namba 120 penye vidonda. Sugua hadi uone chuma cheupe, siyo hadi uone kahawia iliyopungua. Kutu ikifunikwa inaendelea na kazi yake ikiwa gizani. Vanishi inayochunika karibu na kidonda iondoe yote hadi pale inaposhika kwa nguvu, kisha lainisha mpaka wake kwa namba 240 ili kidole kisihisi ngazi. Na hapa kuna sharti: chuma ulichokiacha wazi kipake praima siku hiyohiyo. Ukikiacha kilale wazi, hasa karibu na pwani, asubuhi utakikuta kimeanza tena kutu.

Ukimaliza, futa vumbi kwa brashi kavu, halafu kitambaa chenye spiriti kidogo, mara ya mwisho. Kuanzia hapo usiguse fremu kwa mkono mtupu. Bandika tepu mpya, na safari hii uunganishe na magazeti au nailoni hadi kioo chote kifunikwe. Funika pia manyoya ya brashi yaliyobandikwa pembeni mwa mlango kama yapo, na magurudumu.

Praima, kisha rangi

Tikisa kopo dakika mbili nzima baada ya kusikia kigololi kikigonga ndani. Jaribu kwanza kwenye boksi. Shika kopo sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye fremu, anza kupuliza ukiwa nje ya mlango, pita moja kwa moja kwa mwendo uleule, na uachie kidole ukishatoka upande wa pili. Anayeanzia juu ya fremu na kuishia juu ya fremu hupata uvimbe wa rangi kila mwanzo na kila mwisho.

Praima ni mipako miwili myepesi. Ile yenye tindikali ya alumini haitaki unene. Ukiona bado kuna dhahabu kidogo inachungulia, iache. Ikikauka, pitisha msasa namba 400 kwa mkono mwepesi kabisa, kuondoa chenga tu, na ufute vumbi.

Rangi ni mipako mitatu. Wa kwanza uwe kama vumbi, hata ukiona haujafunika. Subiri dakika 10 hadi 15. Wa pili uongeze kidogo. Wa tatu ndio unaofunika. Kosa la karibu kila mtu ni kutaka mpako wa kwanza ufunike kila kitu, na hapo rangi inalia machozi, hasa kwenye kona za chini. Ikilia, usiiguse ikiwa mbichi. Iache ikauke kabisa, kata chozi kwa msasa wa 400 uliolowa kidogo, kausha, pulizia tena.

Soma nyuma ya kopo juu ya muda wa kurudia. Rangi nyingi za sprei zinakupa kama saa moja ya kuongeza mipako, na ikipita hapo zinataka usubiri siku nzima au mbili. Ukirudia katikati ya vipindi hivyo viwili, mpako mpya unaweza kuukunja ule wa chini.

Kwa aliyeacha milango ilipo na kutumia brashi: chovya ncha tu, paka sehemu ya nusu mita, kisha pitisha rola ya sponji palepale kabla haijaanza kushika, uendelee mbele. Usirudi nyuma kurekebisha baada ya dakika tano. Mipako miwili myembamba inatosha, mmoja leo na mwingine kesho. Fungua madirisha, washa feni ielekee nje ya dirisha badala ya kuelekea kwenye mlango, na watu walale chumba kingine siku mbili. Mwenye pumu alale mbali zaidi.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta visikunjwe na kutupwa kwenye ndoo. Rangi ya mafuta inapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofumbatwa kinaweza kushika moto chenyewe. Vitandaze nje vikauke, ndipo utupe.

Kutoa tepu

Dakika 20 au 30 baada ya mpako wa mwisho, rangi ikiwa haibandi kidole lakini haijawa ngumu, vuta tepu. Irudishe juu yake yenyewe, kwa mshazari, polepole, ikienda mbali na fremu. Ukichelewa hadi kesho yake, rangi itakuwa imeunganisha tepu na fremu kama ngozi moja, na utang'oa vyote. Kama umeshachelewa, pitisha kisu cha wembe kwenye mpaka kwanza, kwa mkono mwepesi, ndipo uvute.

Rangi iliyopenya kwenye kioo iache ikauke siku moja. Kisha lowesha wembe mpya kwa tone la sabuni, ulaze karibu kabisa na kioo, na usukume upande mmoja tu, ukitoka kwenye fremu kuelekea katikati. Usitumie thina.

Reli

Reli ya juu ina uso wa mbele unaoonekana. Huo upake sawa na fremu. Reli ya chini paka mdomo wake wa nje tu. Njia ambamo magurudumu yanapita isipakwe kabisa. Magurudumu yataivua rangi hiyo ndani ya wiki moja, na vipande vyake vitanasa kwenye ekseli na kufanya mlango ukwame. Badala yake, wakati milango iko nje, safisha njia hiyo kwa brashi ya meno ya zamani. Utashangaa nywele, mchanga na vibanio vilivyolala humo. Gurudumu lililopasuka libadilishe sasa hivi. Beba la zamani mkononi uende nalo dukani, kwani yana vipimo tofauti.

Milango irudishwe si kabla ya saa 24, na mimi husubiri saa 48. Anza na wa nyuma. Sehemu ya juu iingie kwanza, kisha chini itue kwenye reli, halafu urekebishe skrubu hadi ukingo wa mlango ulingane na ukuta juu hadi chini. Rudisha kile kizuizi cha kuruka reli. Wengi hukisahau, na ndicho kinachozuia kilo 20 za kioo zisimwangukie mtoto.

Rangi inaonekana imekauka siku ya pili, lakini ugumu wake kamili unakuja baada ya wiki mbili au zaidi. Katika muda huo sukuma mlango kwa mshikio tu, futa kwa kitambaa kikavu, na mwambie anayedeki asilowanishe ukingo wa chini.

Rangi iliyobaki, kama ni ya kopo la kufungua, imimine kwenye chupa ndogo ya kioo hadi juu kabisa, uifunge vizuri, uandike jina la rangi na tarehe, uihifadhi mahali pakavu mbali na joto. Kama ni ya sprei, geuza kopo kichwa chini na upulize hadi itoke hewa tupu ili mdomo usizibe. Siku sanduku la safari litakapogonga kona ya mlango, pulizia kidogo kwenye kifuniko cha chupa, chovya kijiti cha kuchokolea meno, uguse penye jeraha.